Kamera ya mbio za magari: kabla mama hajakopa



Juma hili tunajibu ombi la mama mmoja. Kijana wake anapiga video za arusi na za ibada. Sasa dereva mmoja anayeshindana katika mbio za magari kule Rwanda amemwambia: ukipata kamera ndogo ya kufunga ndani ya gari, njoo tufanye kazi. Kijana amemwomba mama akope katika AVEC. Mama anauliza: hii ni kazi au ni mchezo? Na kama ni kazi, tununue kamera ipi?

Tusiicheke kazi hii. Mbio hizi ziko karibu nasi. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu 2021 imerudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia, huko Naivasha. Rwanda wana Mountain Gorilla Rally, Uganda wana Pearl of Africa Rally. Dereva anahitaji video kwa mambo mawili: kuwaonyesha wanaomlipia gari na mafuta, na kujitazama mwenyewe ajue ni kona ipi alichelewa kukanyaga breki. Mwenye kumpa video nzuri anaweza kulipwa.

Lakini wengi wanaponunua wanatazama bei na maandishi ya kwenye katoni tu. Sisi tunasema: kwa kazi ya gari, kamera yenyewe ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni namna inavyofungwa, kadi yake, umeme wake na sauti yake.

Ni kamera ipi?

Majina yanayojulikana ni GoPro, DJI na Insta360. Zote zinapiga picha safi ya kutosha. Kwa mbio za magari kuna jambo moja linalozitofautisha: GPS. Kamera yenye GPS ndani yake inaandika mwendo wa gari pamoja na video, hivyo dereva anaona alipita kona kwa kilomita ngapi kwa saa, na anaweza kulinganisha jana na leo. GoPro HERO11 Black ya mwaka 2022 inayo GPS. HERO12 ya 2023 haina. HERO13 ya 2024 inayo tena. Kwa hiyo si kila kamera mpya inaishinda ya zamani. HERO11 iliyotumika lakini ikatunzwa vizuri inaweza kumfaa kijana huyu kuliko HERO12 mpya dukani. Kamera za DJI Osmo Action hazina GPS ndani. Lazima utafute kifaa cha pembeni.

Tuwe macho na kamera za bei ya chini sana zilizoandikwa 4K. Nyingi zinapiga picha ndogo kisha zinaivuta iwe kubwa. Jaribio ni rahisi: kijana apande moto, ashike kamera, apige namba za magari yanayopita, kisha atazame kwenye kompyuta. Namba zisiposomeka, tuirudishe.

Ifungwe wapi na kwa nini?

Hapa ndipo penye hatari. HERO13 ina uzito wa gramu 159. Ni kidogo mkononi, lakini gari likigonga au kupinduka, kamera iliyochomoka inaruka kama jiwe ndani ya chumba chenye watu wawili. Kile kishikio cha mpira kinachonyonya kioo kinaachia kwa urahisi kukiwa na vumbi na mtikisiko. Kinachofaa ni kishikio cha chuma kinachokazwa kwa parafujo kwenye fremu ya mabomba inayolinda watu ndani ya gari, pamoja na kamba fupi ya usalama. Mahali pazuri ni nyuma ya viti, katikati: hapo zinaonekana barabara, mikono ya dereva kwenye usukani, na msaidizi anayemsomea njia.

Kwenye kofia ya dereva, hapana. Kofia ile imepimwa jinsi ilivyotoka kiwandani, na kitu kigumu kilichobandikwa juu yake kinaweza kuumiza shingo na kichwa wakati wa ajali. Mashindano mengi yanakataza. Hata kamera ya ndani lazima ionyeshwe kwa wakaguzi kabla ya gari kuanza.

Jambo jingine ambalo vijana hawaambiwi: kamera hizi zina njia ya kutuliza picha isitikisike. Ni nzuri kwa mtu anayetembea. Ndani ya gari inaweza kuharibu. Gari likikata kona, kamera inadhani mkono umeigeuza, inajaribu kuirudisha picha, na usukani unaonekana kuyumba kama mtumbwi. Kamera ikiwa imekazwa vizuri kwenye chuma, kijana apunguze utulizaji huo au auzime kabisa, ajaribu yote mawili kabla ya siku ya mbio.

Kadi, umeme na vumbi

Kwa kawaida katoni haina kadi. Kadi iwe na alama ya V30, maana yake inaandika angalau MB 30 kila sekunde. Video ya 4K ya ubora wa juu inaweza kula GB 45 au zaidi kwa saa moja, hivyo kadi ya GB 128 haifiki saa tatu. Sokoni kuna kadi za uongo: juu imeandikwa 128, ndani hakuna. Njia ya kuijua ni kuijaza yote, kisha kufungua mafaili ya mwisho kuona kama yanacheza.

Batri moja haitoshi siku nzima. Wanunue mbili za ziada, au umeme utoke kwenye gari kwa waya. Lakini kuchomeka waya mara nyingi kunataka kifuniko cha pembeni kiwe wazi, na vumbi la barabara linaingia. Kuna vifuniko vyenye tundu kwa kazi hiyo, waulize dukani. Jua likiwa kali na kamera iko nyuma ya kioo pasipo upepo, inaweza kupata moto na kujizima. Hapo ni afadhali kushusha ubora kutoka 4K hadi 1080, picha 60 kwa sekunde, kuliko kukosa mbio nzima.

Sauti nayo isisahauliwe. Mngurumo wa mashine unafunika maneno ya msomaji njia, na maneno hayo ndiyo dereva anataka kuyasikia baadaye. Kabla ya kulipa, aulize: mikrofoni ya nje inaunganishwa vipi na kamera hii, na kifaa cha kuiunganishia ni bei gani?

Sasa tuhesabu

HERO13 Black ilipotoka mwezi wa 9 mwaka 2024, bei yake Marekani ilikuwa dola 399.99. Hapo bado usafiri, forodha na faida ya muuzaji. Mama akikopa pesa ya kamera peke yake, baada ya juma mbili kijana atarudi kuomba ya kadi, ya batri, ya kishikio. Ushauri wetu: pesa yote igawanywe sehemu kumi. Saba ziwe za kamera, tatu za vingine. Kama saba hazitoshi kamera mpya, anunue iliyotumika. Asipunguze zile tatu.

Kabla mama hajatia sahihi katika kitabu cha AVEC, tunaomba aketi na kijana na kumuuliza haya:

1. Dereva atalipa kiasi gani kwa kila mashindano, na ameandika wapi?
2. Video ikipigwa ni ya nani? Kijana anaweza kuionyesha kwa wateja wengine?
3. Kamera ikivunjika ndani ya gari, nani anaibeba hasara?
4. Siku zisizo na mbio, kamera itafanya kazi gani ili deni lilipwe?
5. Akiwa nje ya gari akipiga picha kando ya barabara, atasimama wapi?

Swali la tano tulisisitize. Gari likishindwa kona linatoka upande wa nje. Anayepiga picha asimame mahali palipoinuka, mbali na barabara, wala si upande wa nje wa kona, hata kama picha ni nzuri pale.

Kijana akiyajibu yote matano bila kusitasita, mama anaweza kukopa kwa moyo mweupe. Akishindwa kujibu la kwanza, basi kazi bado haijapatikana. Arusi za Jumamosi ziendelee kwanza, na kamera itangoja.