Kama Hukuwa Wewe, Alikuwa Nani?

BARAZA LA BONDENI
Na Tabitha Moraa

Hapa Rhonda, mjini Nakuru, kosa halikosi mshukiwa. Kuna pombe, kuna hasira, kuna shetani, kuna damu iliyochemka, kuna akili iliyoruka, na siku hizi kuna stresi. Asiyepatikana kamwe ni mtu mwenyewe. Sikiliza watu wanavyojitetea. Ni nadra kusikia "nilimpiga". Utasikia "nilijikuta nimempiga", yaani bwana alikuwa katika matembezi yake, akapita mahali, akajikuta yuko pale na mkono umeshatua kwenye shavu la mwenzake.

Majuzi nilikaa katika kikao cha nyumba kumi, kwenye ploti moja upande wa kuelekea Kaptembwo. Mpangaji alikuwa amerudi usiku, akalipiga teke jiko la jirani yake anayeuza githeri. Sufuria nzima ikamwagika mtaroni, mahindi na maharagwe, mtaji wote wa mama wa watu. Kijana alisimama kofia mkononi, akasema kwa upole: "Wazee wangu, mimi huyu mnanijua. Yule hakuwa mimi. Ilikuwa pombe." Vichwa vikaanza kutikiswa kwa huruma. Hapo mzee mmoja, mstaafu wa reli, akauliza: "Na hiyo pombe, kijana wangu, ilipoingia getini ilianza na mlango wa nani?"

Mlango wa kwanza ni wa keateka. Wa pili ni wa askari jela. Pombe ilipita yote miwili kwa adabu, ikainama chini ya kamba za nguo bila kuangusha hata soksi, ikaenda mpaka mwisho wa ploti kwa mjane asiye na wa kumtetea. Kijana alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Aliamriwa kulipa kwa awamu.

Swali la mzee yule ni falsafa, tena ya daraja la juu. Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na kufariki mwaka 1995, alitumia miaka mingi kuwatafuta vijijini wazee wa aina hiyo. Hakuwaendea kuokota methali. Alibishana nao, akataka wamjibu kwa hoja zao wenyewe, na mwaka 1990 mazungumzo hayo yakatoka kitabuni. (Mto Njoro unapita karibu na Chuo Kikuu cha Egerton ukiteremka kuja kwetu. Falsafa inayofundishwa kule haijateremka nao, lakini pengine haina haja.)

Sisemi kwamba kumgawa mtu vipande ni ujinga. Kila kabila lililohamia Rhonda limekuja na ramani yake ya undani wa mtu. Mjaluo akisema *chuny* anataja ini, na papo hapo anataja kile kinachotamani, kinachohuzunika na kinachotulia. Kwa Mkikuyu kazi hiyo hufanywa na *ngoro*, moyo; kwa Mkisii ni *enkoro*. Wanandi, kwa mujibu wa A. C. Hollis aliyeandika habari zao mwaka 1909, waliiona roho ya mtu katika kivuli chake. Kiswahili nacho, kwa ulaji wake wa kibandari, kimejibebea kila kitu: moyo wa Wabantu, na roho, nafsi na akili za Waarabu.

Katika maneno hayo yote linalonisumbua zaidi ni nafsi. Waislamu hufundishwa hali zake 3 zinazotajwa katika Kurani: ammara, inayoamrisha maovu, lawwama, inayojilaumu, na mutmainna, iliyotulia. Ukikutana na ile ya kwanza peke yake unaweza kudhani umepata wakili: si mimi, nafsi ndiyo iliyoniamrisha! Lakini aya inayoitaja, katika Sura Yusuf, huanza na msemaji akikataa kujitakasa. Wafasiri wanahitilafiana kama msemaji huyo ni Nabii Yusuf au mke wa mkubwa wa Misri. Vyovyote iwavyo, nafsi iamrishayo maovu inaletwa hapo na mtu ambaye ameshakataa kujitoa lawamani.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alifanya hivyohivyo katika utenzi wake, Al-Inkishafi. Anaukalisha moyo wake chini na kuuhoji kwa nini unadanganyika na dunia, anauonyesha majumba ya Pate ya waungwana waliokuwa wakistarehe na sasa ni magofu. Anaukemea kweli. Ila hauachi pale akaenda zake nyumbani, kwa maana adhabu anayoutishia nayo itampata yeye. Watu hawa walimgawa mtu ili apatikane wa kuhojiwa. Sisi tunamgawa ili apatikane wa kusukumiwa.

Suala la mlevi lenyewe lilimshughulisha Mwingereza John Locke. Katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu ufahamu wa binadamu, la mwaka 1694, alidai kwamba kinachomfanya mtu wa leo awe yule wa jana si mwili wala roho, bali ni kuyafahamu aliyoyatenda kuwa ni yake. Roho ya mwana wa mfalme ikihamia katika mwili wa fundi viatu pamoja na kumbukumbu zake zote, basi aliyeketi pale na sindano ni mwana wa mfalme, hata kama wateja wanaona fundi wao wa kila siku. Kwa hesabu hiyo mlevi asiyekumbuka lolote ana hoja, na Locke hakuikwepa. Alijibu kwamba mahakama humwadhibu kwa sababu kitendo kinathibitika juu yake, ilhali kusahau kwake hakuwezi kuthibitishwa. Siku siri za mioyo zitakapofunuliwa, huenda mambo yakawa mengine.

Sheria yetu haikungoja siku hiyo. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ulevi si utetezi, isipokuwa katika hali chache, kama ya mtu aliyeleweshwa na mwingine kwa hila bila ridhaa yake.

Mimi niko na Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyefariki mwaka 2022. Alieleza kwamba kwa Waakan, watu wake, akili haihesabiwi miongoni mwa vitu vinavyomuunda mtu, kwa kuwa si kitu kinachokaa mahali. Ni uwezo wa kufikiri. Uwezo hauruki, wala hautoki nje kuvuta hewa ukaacha mlango wazi. Ukilikubali hilo, "akili iliruka" inabaki na maana moja tu: sikufikiri.

Mchezo huu wa maneno ungekuwa wa kuchekesha tu kama usingetugharimu. Mwishoni mwa Januari 2008 vita vya baada ya uchaguzi viliifikia Nakuru, na Rhonda na Kaptembwo zilikuwa katikati yake. Majirani waliochota maji kwenye mfereji mmoja wakageukiana. Ukiuliza leo utajibiwa kwa neno moja: tulichochewa. Na ni kweli. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyohesabu vifo 1,133 nchi nzima, ilieleza jinsi sehemu ya ghasia zile ilivyopangwa na kufadhiliwa. Waliochochea wangali na deni lao. Lakini kuni ndizo zinazochochewa bila kuulizwa, na sisi hatukuwa kuni. Nawajua watu wa ploti hizihizi waliomficha jirani uvunguni mwa kitanda, wakamwambia umati mlangoni kwamba ameshahama. Nao walikuwa wamesikiliza redio ileile na wanasiasa walewale.

Mshonaji mmoja aliwahi kunieleza habari za mtu aliyemchomea cherehani siku hizo. Bado wanaishi mtaa mmoja. Nilimuuliza kama wameshapatana. "Huyu wa sasa hunisalimia vizuri, dadangu, sina neno naye," alisema. "Namngoja yule wa siku ile aje tuongee."

Wapo ambao "sikuwa mimi" kwao ni kweli tupu. Mtu anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au mzazi aliyejifungua wiki iliyopita na anamwona mtoto wake kama mgeni aliyetumwa, hao hawatafuti kisingizio. Kifungu cha 12 cha sheria hiyohiyo kinamkinga mtu ambaye maradhi ya akili yalimnyima uwezo wa kujua anachotenda, au wa kujua kwamba hapaswi kukitenda. Lakini kifungu cha 226 kilimfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, adhabu yake kifungo cha hadi miaka 2, mpaka tarehe 9 Januari 2025 ambapo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kinakiuka Katiba. Kwa miaka yote hiyo mlevi wa Ijumaa alimalizana na watu kwa soda mbele ya wazee, huku aliyelemewa na uhai wake mwenyewe akitolewa hospitalini kupelekwa kizimbani.

Hukumu imetoka, lakini masikio yetu ni yaleyale. Aliye mgonjwa kweli hasemi maneno yale mbele ya kikao, kofia mkononi. Humwambia mtu mmoja, tena kwa kubabaika, na mara nyingi ni huyohuyo jirani wa mlango wa pili aliyekwisha kuyasikia wikendi nzima kutoka kwa watu walioangusha majiko. Atajuaje kwamba safari hii ayaamini?