Ngumi za Kukodi
Mkiwa klabuni, baunsa ni "bro". Akishamtoa beste yenu nje, ni mnyama. Nimefanya kazi hiyo Nairobi miaka sita. Januari, nyumbani Kathonzweni, mwaitu alinigusa bega twende tukavune ndengu. Nilimkaba koo kabla sijafungua macho. Siku hizi ananiamsha akiwa mlangoni.

Derek Boogaard alilipwa kupigana kwenye hoki ya barafu Marekani. Alikufa 2011 akiwa na miaka 28. Ubongo wake ulipopimwa, ulikuwa umeharibika. Uwanja mzima ulikuwa ukimshangilia.

Kwa hivyo msiniambie "mwanaume ni kujikaza". Bosi hulipia misuli tu. Hofu naibeba hadi nyumbani, bure. Anayekodi ngumi zangu agharamie pia matibabu ya kichwa changu.