Uingereza: Je, ada za kulelea watoto zina mapatano?

Wazazi wengi kutoka Afrika Mashariki waliolowea England huingia katika kituo cha kulelea watoto wakidhani ada ni kama bei ya sokoni, kwamba ajuaye kubembeleza atapunguziwa. Aghalabu hutoka mikono mitupu, na sababu si ukaidi wa wenye vituo.

Kanuni za huko haziruhusu mlezi mmoja kupewa zaidi ya watoto watatu walio chini ya umri wa miaka miwili. Mishahara, basi, ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya ada, nayo haipunguzwi kwa maneno matamu. Yanayoweza kuzungumzwa ni ya pembeni: nafuu kwa mtoto wa pili, amana, au siku ambazo kituo hakijai, hasa Ijumaa.

Nafuu kubwa hutoka serikalini. Tangu Septemba 2025, wazazi wafanyao kazi, wenye kipato kinachokubalika, hupata saa 30 kwa wiki bila ya malipo, kwa wiki 38 za mwaka, tangu mtoto akiwa na miezi tisa. Katika saa hizo kituo hakiruhusiwi kumlazimisha mzazi kulipia chakula wala nepi. Hapo mzazi ana haki ya kuhoji, na wengi hawahoji.

Lakini wamo wauguzi na watunzaji wa wazee ambao viza zao zinawanyima fedha za umma. Wazazi wote wawili wakiwa na sharti hilo, saa 30 hawazipati. Kwao nafuu ya Ijumaa si jambo dogo: mara nyingi ndiyo pekee wanayoweza kuiomba, hadi mtoto atimize miaka mitatu na kustahili saa 15 zitolewazo kwa watoto wote.