Mti wa Yaa: Kati ya Chupa ya Mafuta na Gunia la Mkaa

Mwezi Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa Amri ya Utendaji Namba 3 ya mwaka huo, ambayo pamoja na mengine ilipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda. Kwa kuwa amri hiyo ilizungumzia pia bunduki za wafugaji wa Kiturkana wanaovuka mpaka na kuingia Karamoja, ni rahisi askari kuikumbuka kwa ajili ya bunduki tu, na kudhani kwamba habari za mkaa ni kazi ya mabwana misitu. Dhana hiyo yafaa ichunguzwe, kwani nyuma ya gunia la mkaa mna mti, na nyuma ya mti mna riziki ya wanawake wengi wa Acholi, Lango, Teso na Nile Magharibi.

Mti wenyewe ni mshea, uitwao yaa kwa Kiacholi na yao kwa Kilango. Majirani zetu wa Sudan Kusini huuita lulu, neno ambalo kwa Kiswahili ni jina la johari, na hawakukosea. Wataalamu wa mimea hutambua aina mbili zake. Moja yatoka Senegal kupita Mali, Burkina Faso, Ghana na Nigeria. Ndiyo aliyoiandika Mskoti Mungo Park aliposafiri kando ya mto Niger katika miaka ya 1795 hadi 1797, na kwa muda mrefu mti huu ulibeba jina lake katika vitabu vya elimu ya mimea. Aina ya pili ni ya bonde la Nile: Uganda kaskazini, Sudan Kusini, pembe ya kaskazini mashariki ya Kongo na magharibi mwa Ethiopia. Hii ya pili ndiyo yetu.

Tofauti kati ya hizi mbili si ya majina matupu. Mafuta ya Afrika Magharibi yana asidi nyingi ya steariki, kwa hiyo huganda yakawa magumu kama siagi. Ya bonde la Nile yana asidi nyingi zaidi ya oleiki, ile iliyo pia katika mafuta ya zeituni. Ni laini, huyeyuka upesi kiganjani, na mchana wa jua kali chupa yake hukutwa imekuwa maji matupu. Watengenezaji wa vipodozi huko Ulaya na Marekani huyapenda kwa sababu hiyo hiyo: hupakika bila kusuguliwa sana na hayaachi utando mzito. Kazi yake juu ya ngozi yaeleweka. Hutanda na kuizuia isipoteze maji, na kulainisha palipokauka. Mama wa Kiacholi aliyempaka mwanawe mchanga mafuta ya yaa hakungoja maabara imweleze hayo.

Askari aliyepiga doria Karamoja wakati wa kiangazi, hata visigino vikapasuka na midomo kuchubuka, anao ushahidi wake mwenyewe. Hata hivyo asidanganywe na wachuuzi. Mafuta ya yaa hayaui fangasi wa vidole vya miguu, hayafuti makovu ya zamani, wala hayamkingi mtu na jua la saa sita. Ni mafuta mazuri, basi. Thamani yake yaonekana zaidi yakilinganishwa na krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni, ambazo zimeharibu ngozi za watu wengi katika nchi zetu, na ambazo huko Rwanda polisi walianza kuzikusanya madukani mwaka 2018.

Sasa tutazame mafuta haya yapatikanavyo, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo. Matunda ya yaa huiva kuanzia mwezi wa Mei hivi, majira ambayo chakula cha mavuno yaliyopita kimepungua na kipya hakijakomaa. Hayachumwi, huangushwa na mti wenyewe, na wanawake na watoto huyaokota alfajiri kabla mifugo na nyani hawajafika. Nyama ya tunda huliwa, nayo huokoa watoto wengi katika wiki hizo za njaa. Kokwa huchemshwa au kuanikwa, hupasuliwa, kiini hukaangwa, hutwangwa, husagwa juu ya jiwe, kisha hukorogwa na maji na kuchemshwa hata mafuta yaelee juu. Ni kazi ya siku kadhaa, yenye maji mengi, kuni nyingi na maumivu ya mgongo. Mti mmoja uliokomaa hutoa kwa kawaida kilo 15 hadi 20 za matunda mabichi kwa mwaka, na ukiondoa nyama, gamba na maji, kiini kikavu kinachobaki ni kilo chache tu. Karibu nusu ya uzito wa kiini ni mafuta, na mikono ya binadamu haiwezi kuyakamua yote. Chupa moja, basi, imebeba jasho jingi kuliko bei yake ionyeshavyo.

Mti huo huo hauanzi kuzaa mpaka utimize miaka 15 au 20. Ukishaanza, waweza kuzaa kwa karne nzima na zaidi. Wazee waliulinda kwa mwiko. Aliyelima shamba alikata miti mingine, yaa akaiacha imesimama. Mwiko huo ulidhoofishwa na vita. Kati ya mwaka 1986 na mwaka 2006, uasi, na hasa ule wa Joseph Kony, uliivuruga nchi ya Acholi na sehemu za Lango na Teso. Watu zaidi ya milioni moja na nusu waliishi katika kambi za wakimbizi wa ndani. Makubaliano ya kusimamisha mapigano yalipotiwa saini Juba mwezi Agosti 2006, familia zilianza kurudi kwenye ardhi waliyoiacha miaka mingi. Walirudi bila ng'ombe na bila jembe. Wengine walikuta mipaka ya mashamba imepotea pamoja na wazee walioijua. Kitu pekee kilichokuwa kikiwangoja, tena bila mtaji, kilikuwa miti. Mchuuzi wa mkaa alipofika na fedha taslimu, hakuhitaji maneno mengi.

Mbao za yaa ni nzito, na mkaa wake huwaka kwa moto mkali na wa kudumu. Ndiyo sababu yaa, pamoja na mti wa beyo, imekuwa windo la wachomaji. Hapo pana dhuluma isiyosemwa sana. Kwa desturi, matunda ni ya mwanamke, ilhali ardhi na kilichosimama juu yake huhesabiwa kuwa mali ya mwanamume. Kwa hiyo anayeuza mti siye aliyekuwa akila kwa mti. Mume au kaka hupokea fedha siku moja, na tanuri lafukiwa na kufukuliwa katika wiki mbili hivi. Mke hupoteza mavuno ya kila mwaka mpaka mwisho wa maisha yake.

Tuje kwenye barabara. Mkaa mwingi wa kaskazini hushuka kwenda Kampala kupitia daraja la Karuma, na kabla ya kufika hapo hupita mbele ya askari na polisi. Malalamiko yamesemwa hadharani, na viongozi wa Acholi hawakuyaficha: kwamba malori yamepita usiku baada ya marufuku, na kwamba mengine yalisindikizwa na watu wenye sare. Mwanzoni mwa mwaka 2023, hata kabla ya amri, vijana wa huko walikuwa wamechukua hatua ya kuyazuia malori wao wenyewe. Raia anapolazimika kufanya kazi ya kizuizi cha barabara, yafaa sisi wenye vizuizi tujiulize kwa nini. Eneo hili limetoka vitani juzi tu, na migogoro ya ardhi bado haijatulia. Hasira juu ya gunia la mkaa haikawii kuwa hasira juu ya sare.

Iko pia sababu ya kiutendaji inayofanya kizuizi cha Karuma pekee kisitoshe. Mkaa hauna jina. Mti ukishakuwa mkaa ndani ya gunia, hakuna koplo awezaye kuapa kwamba huu ni yaa na ule ni mwembe. Mti hutambulika ukiwa umesimama, au ukiwa gogo: gamba lake ni nene na limepasuka vipande vya mraba kama ngozi ya mamba, majani ni marefu na hukusanyika kwenye ncha za matawi, ukijeruhiwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na moyo wa mbao ni mwekundu-mwekundu. Askari wa doria za Agago, Pader, Otuke au Abim akizijua alama hizi nne, ataikuta hatia kwenye tanuri, ambako ina mwenyewe, badala ya kuitafuta kwenye lori, ambako dereva husema ametumwa tu.

Majirani wa mbali wametutangulia katika jambo jingine. Sehemu kubwa ya shea inayouzwa duniani haiendi kwenye ngozi, bali kwenye chokoleti, ambamo sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 huruhusu mafuta ya mimea mingine, shea ikiwemo, hadi asilimia 5. Viwanda hivyo hutaka kokwa ghafi, kwa bei ya kokwa ghafi. Burkina Faso ilisimamisha uuzaji wa kokwa nje mwaka 2024. Nigeria, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ilifuata mwezi Agosti 2025 kwa katazo la miezi sita, ili kokwa zisindikwe nyumbani. Kwa Uganda njia yenye faida zaidi ni ile ya mafuta laini ya ngozi, ambayo Afrika Magharibi haiwezi kuyatoa. Lakini kiwanda cha kukamulia hakijengwi mahali ambapo miti inapungua kila mwaka.

Yabaki jambo la jikoni. Kampala hupika kwa mkaa, na gesi kwa wengi bado ni ghali. Marufuku peke yake haiwashi jiko. Majiko mengi ya kambi na vituo vyetu nayo hutumia kuni na mkaa. Bwana jikoni wa kikosi anaponunua, ni haki aulizwe gunia limetoka wapi, kama vile karani wa bohari aulizwavyo risasi zimekwenda wapi. Watafiti wa Makerere na wa kituo cha kilimo cha Ngetta, karibu na Lira, wamejishughulisha na kuuzalisha mti huu, pamoja na kubebesha miche ili izae mapema. Bila mbinu hiyo, kokwa iliyofukiwa mwezi ule wa Mei 2023 haitarajiwi kutoa tunda la kwanza kabla ya mwaka 2038.