Wastani Si Shahidi wa Kutosha

Katika nchi ya wafugaji neno "wastani" limepewa heshima kubwa kuliko haki yake. Tuseme mfanyabiashara amefika Noonkopir na chumvi ya mifugo, naye anatangaza: "Mitamba wanane walioilamba wameongezeka kilo 5 kwa wastani." Watu hutoa fedha. Nasema watu hao wameibiwa mchana, ijapokuwa kila tarakimu ni ya kweli.

Itakeni karatasi yake ya vipimo. Toeni uzito wa kwanza katika uzito wa pili, mtamba kwa mtamba, kwani kila mnyama hulinganishwa na nafsi yake. Tazameni yawezayo kuonekana: watano wamepungua kilo 2, 3, 4, 5 na 7, wawili wameongezeka kilo 1 na 6, na mmoja kilo 54. Huyo alikuwa na mimba! Nyongeza ni kilo 61, upungufu 21. Baki 40, gawanya kwa 8. Muuzaji hakusema uongo.

Frank Wilcoxon, mkemia aliyefanya kazi Marekani, alitoa dawa ya ugonjwa huu mwaka 1945. Zipange tofauti kwa ukubwa, bila kujali kupanda wala kushuka, uzipe nafasi tangu 1 mpaka 8. Kilo 54 hupata nafasi ya 8, wala haipati zaidi. Walioongezeka wana nafasi za 1, 6 na 8, jumla 15. Waliopungua wana 21. Kwa jozi nane, jumla iliyo ndogo sharti iwe 3 au chini yake, jambo ambalo bahati tupu hulileta mara zisizofika 5 katika 100. Kumi na tano iko mbali sana na tatu.

Wako wasomi wanung'unikao kwamba kuzigeuza kilo kuwa nafasi ni kutupa habari. Habari gani tuliyoitupa hapa? Ndama aliye tumboni!

Wala sikitukuzi kipimo hiki kupita kiasi. Hutaka tofauti zitawanyike kwa usawa pande mbili za kati. Tena, hata kama mitamba wote wangalinenepa, kisingalijua kama ni chumvi ama ni mvua iliyootesha majani ya nyanda za Kaputiei. Kwa swali hilo yatakiwa kundi jingine, lililolishwa malisho yale yale na kunyimwa chumvi. Muuzaji akija, mwulizeni kundi hilo liko wapi.