Ngoma ya Safu Mbili Katika Vilima vya New Hampshire

Baridi ya mwezi wa Januari katika vilima vya New Hampshire, kaskazini-mashariki ya Marekani, si baridi ya kufanyiwa mzaha. Theluji hufunika njia, maziwa huganda hata mtu akaweza kutembea juu yake kwa miguu, na ifikapo saa kumi na moja jioni kiza kimekwisha kuingia. Katika majira hayo mzee anayeishi peke yake aweza kumaliza wiki nzima asiseme na mtu ila mwenye duka na mleta barua. Hata hivyo, katika kijiji cha Nelson, ambacho wakazi wake ni mamia machache tu, imekuwa desturi ya miaka mingi kwamba Jumatatu usiku taa za ukumbi wa mji huwashwa, viti husogezwa ukutani, na sauti ya fidla na piano ikasikika hadi barabarani. Ngoma hiyo huitwa kontra, na wanaoicheza ni waalimu, maseremala, wauguzi, wanafunzi, na vikongwe waliokwisha kustaafu kila kazi isipokuwa hiyo.

Asili yake ni Uingereza. Mnamo mwaka wa 1651 mchapishaji wa vitabu John Playford alitoa mjini London kitabu cha ngoma za mashambani, chenye mwendo wa miguu na tuni zake, na kitabu hicho kilipendwa hata kikarudiwa kuchapishwa mara nyingi. Wafaransa walizichukua ngoma hizo, wakalibadilisha jina la Kiingereza lenye maana ya ngoma ya shamba likawa contredanse, neno ambalo kwa masikio yao lilileta picha ya watu waliokabiliana uso kwa uso. Kosa hilo la masikio lilikuwa na bahati, maana ndivyo hasa ngoma ilivyo. Kutoka huko ilisafiri pamoja na merikebu, nayo haikwenda Marekani peke yake. Msomaji anayeijua Bahari ya Hindi atakumbuka kamtole ya visiwa vya Shelisheli, ambayo nayo ni mjukuu wa contredanse hiyo hiyo, na hata leo huwa na mtu wa kutoa amri za mwendo, aitwaye komander kwa Kikreoli. Ndugu wawili waliotengana mapema mno, mmoja akaenda kwenye minazi na mwingine kwenye theluji.

Yafaa kueleza jinsi inavyochezwa, kwa kuwa katika uchezaji wake ndimo ilimo siri yake. Watu husimama katika safu mbili ndefu toka jukwaani hadi mwisho wa ukumbi, kila mtu akimkabili mwenzi wake. Kisha hushikana mikono wanne wanne, wakianzia jukwaani, na kila kundi la wanne huwa na jozi ya kwanza na jozi ya pili. Muziki unapoanza, wanne hao hufanya pamoja mambo yale yale yaliyoagizwa: huzungukana, hupishana, wanawake huvuka kwenda upande wa pili wakipeana mkono wa kulia, safu nzima husonga mbele na kurudi nyuma. Tuni ina sehemu mbili, kila moja hupigwa mara mbili, na jumla yake ni mapigo 64. Mapigo hayo yakiisha, jambo moja limetukia bila ya watu kulishughulikia sana: jozi ya kwanza imeshuka hatua moja, ya pili imepanda hatua moja, na kila jozi sasa inatazamana na jozi nyingine mpya. Muziki haukomi. Mambo yale yale hufanywa tena na watu wengine, tena na tena, kwa muda wa dakika nane au kumi. Jozi inayofika mwisho wa safu hupumzika mzunguko mmoja, kisha hugeuka na kuanza safari ya kurudi.

Basi mtu aliyeingia ukumbini akimjua mtu mmoja tu, kabla tuni haijamalizika amekwisha kushikana mikono na nusu ya ukumbi. Daktari ameshika mkono wa mfua chuma, na kijana wa miaka kumi na sita amezungushwa na bibi wa miaka themanini, tena huyo bibi ndiye anayeongoza, kwa sababu anaijua ngoma. Hakuna aliyeulizwa cheo wala jina. Sherehe nyingi za mjini hujisifu kwamba zinaleta watu pamoja, kumbe kila mtu amekaa meza moja na wale aliokuja nao.

Jambo moja huwatia hofu wageni, nalo ni kule kuzunguka kwa wawili. Wachezaji hushikana kama katika dansi ya ukumbini, huweka mguu wa kulia karibu karibu, na mguu wa kushoto husukuma ardhi kama mtu anayepanda pikipiki ya mtoto. Kila mmoja huegemea nyuma kidogo, si kwa kumlalia mwenzake, bali ili uzito wa mmoja uushikilie uzito wa mwingine. Asiyetoa uzito wake humchosha mwenziwe. Anayeutoa kupita kiasi humwangusha. Na ili kichwa kisizunguke, mafundi hushauri watu watazamane machoni. Kwa aliyelelewa katika adabu ya pwani, kumtazama machoni mume wa mtu au mke wa mtu kwa mapigo kumi na sita ni mtihani mkubwa. Wenyeji wa New England nao si watu wa kujichanua ovyo, na wengi wao hukiri kwamba mara ya kwanza waliona haya. Lakini muda si muda jirani amekwisha kupita na mwingine amefika, na haya haipati nafasi ya kukaa.

Anayetoa amri, ambaye hapa tumwite mwitaji, husimama jukwaani kando ya wapiga muziki. Huifundisha ngoma kwanza bila muziki, watu wakiipita kwa kutembea tu, kisha huita kila hatua kidogo kabla ya wakati wake, ili agizo liishe pale hatua inapoanza. Baada ya mizunguko kadhaa hupunguza maneno, na mwishowe hunyamaza kabisa, ngoma ikaendelea yenyewe. Mwitaji hodari hujulikana kwa kunyamaza huko.

Kazi hiyo ya uitaji ina historia ambayo kwa muda mrefu haikutajwa katika kumbi zenyewe. Mwaka wa 2015 mwalimu na mchezaji Phil Jamison alitoa kitabu juu ya asili ya ngoma za kusini mwa Marekani, akaonyesha kwamba waitaji wa mwanzo wanaotajwa katika maandishi, mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, walikuwa wapiga fidla Weusi, wengi wao watumwa, waliowapigia mabwana zao dansi. Mabwana walikuwa wamejifunza hatua kwa waalimu wa kulipwa. Mpiga fidla aliyesimama pembeni ndiye aliyegundua kwamba aweza kuziita kwa sauti, hata asiyesoma akacheza. Banjo nayo, ambayo husikika katika ngoma nyingi za Marekani, ilitokana na vyombo vya Waafrika. Wachezaji wa kontra leo aghalabu ni Wazungu, na wengine wao wameanza kujiuliza waziwazi kwa nini wajukuu wa waitaji wale ni wachache ukumbini. Swali hilo halijapata jibu la kuridhisha, na heri linaulizwa.

Katika karne ya kumi na tisa miji mikubwa iliiacha kontra kwa ajili ya kwadrili, waltz na polka. Ilibaki katika vijiji vya New Hampshire, Vermont na Maine, mahali ambapo mitindo hufika kwa kuchelewa. Huko ilipata damu mpya kutoka kwa Wafaransa wa Kanada waliokuja kufanya kazi katika viwanda vya nguo, wakaja na fidla zao. Lakini kufikia miaka ya vita kuu ya pili ilikuwa imebaki mikononi mwa wachache. Miongoni mwao alikuwa Ralph Page, mwenyeji wa Nelson, aliyezaliwa mwaka wa 1903 na kufariki mwaka wa 1985. Page alifanya uitaji kuwa kazi ya maisha yake. Tangu mwaka wa 1943 aliongoza ngoma mjini Boston, na kuanzia 1949 hadi 1984 alitoa gazeti dogo liitwalo Northern Junket, lenye ngoma, tuni, na hata mapishi ya nyumbani. Mtu anayechanganya nota za muziki na mapishi katika ukurasa mmoja alijua vema wasomaji wake ni akina nani.

Baadaye alikuja Dudley Laufman wa Canterbury, aliyezaliwa mwaka wa 1930. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana waliochoshwa na miji, wenye nywele ndefu na mavazi ya ajabu, walimfuata kwa mamia kutoka ukumbi hadi ukumbi. Wazee waliozoea shati safi na mwendo wa heshima walinung'unika, na si bila sababu, kwani vijana walikanyaga kwa kishindo na kuzunguka kupita kiasi. Lakini lau si vijana hao, nani angaliziendesha ngoma hizo baada ya wazee? Wengi wao, waliokuja siku zile bila viatu, ndio waliokuja kuwa wapiga muziki na waitaji wa miaka iliyofuata.

Na pale kwenye piano alikuwapo Bob McQuillen, mwalimu wa ufundi wa shule huko Peterborough, aliyeanza kupiga na bendi ya Page katika miaka ya 1940. Alitunga tuni zaidi ya 1,300, na nyingi aliwapa rafiki na majirani, kila tuni ikichukua jina la mwenyewe. Mwaka wa 2002 serikali ya Marekani ilimpa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa za jadi, na Laufman akaipata mwaka wa 2009. McQuillen alifariki mwaka wa 2014, naye alikuwa angali akipiga hata katika uzee wake. Tuni zake hupigwa leo na watu wasiojua kwamba jina lililo juu ya karatasi lilikuwa la mtu wa kijiji fulani.

Si kila badiliko limekuwa la faida. Katika ngoma kongwe, kama Chorus Jig na Money Musk, jozi ya kwanza ndiyo iliyofanya kazi kubwa, na ya pili husimama kwa muda mrefu ikisubiri. Tangu miaka ya 1970 watunzi wapya wamependelea ngoma ambazo kila mtu yu mbioni toka pigo la kwanza hadi la mwisho. Vijana hufurahi. Lakini kusubiri kule kulikuwa na kazi yake: mzee alivuta pumzi, majirani waliulizana habari za mgonjwa na za ng'ombe, na mapenzi mengi yalianzia pale. Ukumbi usio na nafasi ya kusubiri huwaondoa wenye magoti mabovu taratibu, bila mtu kuwafukuza.

Adabu ya kuombana nayo imebadilika. Zamani mwanamume ndiye aliyeomba, na mwanamke aliyemkataa mmoja alipaswa kukaa kitako hadi ngoma iishe. Siku hizi yeyote aweza kumwomba yeyote, na anayekataa hatakiwi kueleza. Ni desturi pia kubadilisha mwenzi kila ngoma, hata kwa wenye ndoa, ili asibaki mtu ukutani. Katika miaka ya karibuni kumbi nyingi zimeacha hata kuita wanaume na wanawake. Nafasi ya kushoto na ya kulia zimepewa majina ya ndege wawili, yanayoanza kwa herufi moja na maneno ya Kiingereza ya kushoto na kulia. Wako waliokasirika wakasusa. Wako pia wajane wawili waliofurahi kwamba sasa waweza kucheza pamoja bila ya kuambiwa kwamba mmoja wao anacheza kama mwanamume.

Pigo kubwa lilikuja mwezi wa Machi 2020. Ngoma ambayo fahari yake ni kushikana mikono na kila mtu ukumbini haikuweza kuwa na adui mbaya kuliko ugonjwa wa kuambukiza wa UVIKO-19. Kumbi zilifungwa. Wapiga muziki walipiga peke yao mbele ya kompyuta, na tamasha la ngoma za kienyeji la New England, lililoanza mwaka wa 1944, halikuweza kukutanisha watu. Kumbi zilipofunguliwa, nyingi zilidai barakoa na cheti cha chanjo, na watu walicheza wakitazamana kwa macho tu, ambavyo ndivyo walivyofundishwa siku zote. Baadhi ya wazee hawakurudi tena. Mahali pengine hawakurudi wale waliokuwa wakipanga viti na kukusanya kiingilio, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kumpoteza mwitaji, maana mwitaji aweza kukodiwa kutoka mji mwingine.

Kazi yenyewe si ya siri. Yatakiwa sakafu ya mbao, viatu safi vyenye soli laini visivyoikwaruza, maji ya kunywa, na mtu wa kufika nusu saa kabla ili kuwafunza wageni kuzunguka bila kuanguka. Ulevi hauna nafasi, kwani mlevi mmoja huivuruga safu nzima. Mahali pengi kila nyumba huleta sahani ya chakula, na katika mapumziko watu hula pamoja. Watoto huchezeshwa mapema jioni, ngoma nyepesi, wakiwa wamebebwa nusu na nusu wakitembea.

Mwishoni hupigwa waltz, polepole, na taa zikapunguzwa. Baada yake wapiga muziki hufunga fidla zao sandukuni, viti hurudishwa, na mtu mmoja aliyejitolea hufagia mchanga ulioletwa na viatu vya theluji. Nje magari yamefunikwa weupe. Waliocheza pamoja saa tatu nzima hukwangua barafu kwenye vioo, mmoja akamkwangulia mwingine, kisha mwenye ufunguo huzima taa.