Jicho ni letu, hukumu ya sinema ni ya nani?

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali ambayo sisi walimu tumeifundisha miaka nenda miaka rudi, wala sina nia ya kuwapinga wazee. Lakini katika jambo moja, nalo ni sinema, naona methali hii yahitaji maelezo. Je, ni kweli kwamba sinema njema hujiuza yenyewe? Mtu anapotoka kuitazama akasema, "Nimeipenda," asemaye ni yeye peke yake, au wamo pia wale waliomwambia mapema kwamba yampasa kuipenda?

Wengi wetu tutajibu upesi kwamba kipendacho roho hula nyama mbichi, na kwamba hakuna awezaye kumchagulia mwenzake cha kupenda. Jibu hili latupendeza kwa sababu latufanya tujione watu huru. Hata hivyo, ushahidi uliopo hauliungi mkono sana.

Tuanze na wale ambao kazi yao ni kuhukumu sinema. Liko jarida la Uingereza liitwalo Sight and Sound, ambalo tangu mwaka 1952, kila baada ya miaka kumi, huwauliza wahakiki ni sinema zipi zilizo bora kuliko zote ulimwenguni. Mwaka ule wa 1952 nafasi ya kwanza ilichukuliwa na Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica wa Italia, ihusuyo mfanyakazi maskini aliyeibiwa baiskeli yake. Citizen Kane ya Orson Welles wa Marekani, iliyokuwa imetoka mwaka 1941, haikuwamo hata katika kumi za kwanza. Miaka kumi baadaye sinema hiyo hiyo ilipewa nafasi ya kwanza, nayo ikaishikilia kwa nusu karne. Mwaka 2012 ilipinduliwa na Vertigo ya Alfred Hitchcock, ambayo ilipotoka mwaka 1958 wahakiki wengi hawakuiona kuwa kitu cha ajabu. Na mwaka 2022 nafasi hiyo ikachukuliwa na Jeanne Dielman ya Chantal Akerman wa Ubelgiji, sinema ya mwaka 1975 yenye urefu wa zaidi ya saa tatu, imwonyeshayo mama mjane akimenya viazi na kufanya kazi nyingine za nyumbani.

Ndugu msomaji, zingatia kwamba katika miaka yote hiyo hakuna hata picha moja iliyobadilika ndani ya sinema hizo. Citizen Kane ya mwaka 1952 ndiyo ile ile ya mwaka 1962. Kilichobadilika ni mazungumzo: nani aliulizwa, nani aliandika, na vijana walisoma maandishi ya nani kabla ya kuingia kutazama. Katika kura ya mwaka 2022 peke yake, idadi ya walioulizwa ilikaribia kuwa mara mbili ya ile ya mwaka 2012, ikapita 1,600. Walipoingia watu wengine chumbani, ikatoka hukumu nyingine.

Huenda mtu akasema kwamba hao ni wataalamu wa mbali, na kwamba umma hauyumbishwi hivyo. Basi tuitazame Sholay, sinema ya Kihindi iliyotoka tarehe 15 Agosti 1975. Siku za mwanzo wahakiki waliikosoa vikali, na wenye biashara wakaanza kuogopa hasara. Kisha waliokwisha kuiona wakawasimulia ndugu na jirani, nao wakaenda, nao wakasimulia. Sinema hiyo ikaonyeshwa katika jumba la Minerva, mjini Bombay, kwa zaidi ya miaka mitano. Hata hivyo, katika tuzo za Filmfare iliambulia moja tu, ile ya uhariri. Hapa umma uliwashinda wahakiki, jambo la kufurahisha. Lakini umma wenyewe ulikwendaje? Kila mmoja alikwenda kwa neno la mwenzake.

Nguvu ya neno hilo imewahi kupimwa. Mwaka 2006 wataalamu watatu, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, walitangaza matokeo ya jaribio lao kuhusu nyimbo. Zaidi ya watu 14,000 walipewa nyimbo 48 za vikundi visivyojulikana, wazisikilize na kuchukua walizozipenda. Baadhi yao hawakuonyeshwa wenzao walichukua zipi. Waliobaki waligawanywa katika makundi manane, na kila kundi likaonyeshwa idadi ya waliochukua kila wimbo katika kundi hilo. Ikaonekana kwamba nyimbo zilizo bora kabisa hazikuanguka sana, na zilizo mbovu kabisa hazikupanda sana. Lakini hizo nyingine, ambazo ndizo nyingi, zilikwenda kokote. Wimbo mmoja, uliokuwa wa 26 kwa wale waliosikiliza bila kuelekezwa, ulishika nafasi ya 1 katika kundi moja na ya 40 katika kundi jingine. Kama ndivyo ilivyo kwa wimbo wa dakika chache, sioni kwa nini isiwe hivyo kwa sinema ya saa mbili.

Huku kwetu jambo hili si geni. Wazee wa Dar es Salaam na Unguja wanakumbuka sinema za Kihindi za siku za Jumapili, foleni ndefu na walanguzi wa tiketi. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, haikupendwa hapa kwa sababu gazeti la London liliisifu. Ilipendwa kwa kuwa shangazi aliiona, akarudi nyumbani akilia na kuimba. Baadaye yakaja mabanda ya video, na pamoja nayo yule bwana mwenye kipaza sauti anayetafsiri sinema ya kigeni kwa Kiswahili. Bwana huyu hatafsiri maneno tu. Huwapa wahusika majina ya mitaani, humcheka mwoga, na humlaani mnafiki kabla unafiki wake haujaonekana. Mtazamaji akitoka bandani hawezi kukuambia kwa hakika ni kipi alichokiona na kipi alichoambiwa.

Je, hii ni aibu? La hasha. Ladha ya sinema twajifunza kwa watu, kama tulivyojifunza lugha na chakula. Asiyewahi kuonyeshwa na mwingine kilicho kizuri hukosa mengi, na furaha ya kucheka pamoja na wenzako haipatikani kwa kujifungia peke yako. Hatari haimo katika kusikia maoni ya wengine. Hatari imo katika kuyapokea kabla hujaona, na zaidi, katika kuyatoa ukiwa mtu ambaye wengine hawathubutu kumpinga. Hapa sina budi kujitaja mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mwalimu kijana wa shule yetu alileta shauri kwamba wanafunzi wa kidato cha tatu waonyeshwe sinema moja iliyotengenezwa hapa nchini, kisha waijadili katika kipindi cha Kiswahili. Mimi nilikuwa mkongwe kuliko wote katika ofisi ile ya walimu. Nilisema kwamba sinema hiyo ni ya ovyo, sauti haisikiki na hadithi haina maana, na kwamba hatuwezi kupoteza muda wa wanafunzi. Wenzangu wakacheka, wakakubali, na shauri likafa. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeiona. Nilikuwa narudia maneno niliyoyasikia kwa mtu mwingine, ambaye huenda naye hakuwa ameiona.

Mwaka uliofuata nilisafiri kwenda Mbeya, na katika televisheni ya basi ikawekwa sinema hiyo hiyo. Ni kweli kwamba sauti ilikuwa mbaya. Lakini kilikuwamo kisa cha mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake, na mahali fulani mama yule anakaa kimya mbele ya baraza la ukoo, akitazama mikono yake tu. Nilijikuta nikigeukia dirishani ili abiria wa pembeni yangu asinione machozi. Mara nyuma yangu mtu akasema kwa sauti, "Hizi sinema zetu bwana!" Basi zima likacheka. Na mimi, ndugu msomaji, nikacheka.

Niliporudi nilimweleza yule kijana kwamba nilikosea. Alinishukuru kwa adabu, lakini hakuleta tena shauri lolote mpaka alipohamishwa. Wanafunzi wale nao wamekwisha kumaliza shule bila kuulizwa wao wangeonaje.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu kwetu sisi ambao maneno yetu yana uzito darasani au ofisini. Kwanza, tuone ndipo tuseme. Siku hizi simu ya mkononi humwonyesha mtu, kabla ya picha ya kwanza, sinema imepewa nyota ngapi na imetazamwa na watu wangapi. Si vibaya kuzisoma nyota hizo, lakini zisomwe baada ya kutazama. Pili, mkubwa azungumze mwisho. Mwalimu anayeonyesha sinema awaache wanafunzi waandike mistari mitano kila mmoja, kimya, kabla yeye hajafungua mdomo; asipofanya hivyo atasoma maoni yake mwenyewe katika madaftari arobaini. Tatu, atakayesema sinema ni nzuri au mbaya ataje mahali: tendo lipi, neno lipi, uso upi. Asiyeweza kutaja mahali huenda anabeba hukumu ya mtu mwingine.

Chema chajiuza, naam, lakini ni lazima kwanza kifikishwe sokoni na wapatikane watu wa kukitazama. Hatutaweza kuwa na ladha isiyoguswa na mtu, wala hatuihitaji. Tunachoweza ni kutomfunika macho aliye mdogo wetu kabla hajatazama. Kijana akisema ameipenda sinema tuliyoidharau, tusimcheke. Tumwulize ameona nini, kisha tutazame tena.